Mashine ya Turubai na Kanga ya Marehemu

Kondo, mwizi wa mashine yangu, ni mtani wangu, na hilo ndilo lililomponza. Angekuwa mtu baki ningemshitaki, au ningemloga, au ningemwachia Mungu, kama watu wanavyopenda kuwashauri wenzao walioibiwa. Lakini ukoo wake na ukoo wetu sisi wa Kikole ni watani tangu enzi za mababu. Tunatukanana sokoni, tunanyang'anyana vitu njiani, na siku ya msiba mtani ana ruhusa ambayo hata serikali haina. Anachokikamata kabla jeneza halijatoka ni chake, mpaka mfiwa akikomboe kwa masharti yake mtani. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, na mfiwa aitike. Akikasirika, watu husema anauita msiba mwingine nyumbani, na wabebaji wa jeneza hukunja mikono. Basi mimi niliingoja siku hiyo.

Nianze na mashine. Nilikuwa mshonaji katika karakana ya maturubai hapa Kilwa Masoko, karakana ya ushirika, enzi zile kila kitu kilipokuwa cha wote na hakuna kilichokuwa cha mtu. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kujifanyia biashara, karakana ikafungwa. Meneja akaenda zake Dar, mlinzi akarudi shamba, watu wakaanza kubeba. Wengine walibeba milango, wengine mabati. Mimi nilikwenda nyuma, jalalani, ambako mashine mbovu zilikuwa zikinyeshewa miaka nenda miaka rudi, nikabeba kutu. Nasema kutu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Jirani yangu Helena, Mmakonde wa Newala mwenye mdomo mrefu kuliko kibarabara chetu, aliniona nikiziteremsha kutoka kwenye mkokoteni akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanaheri, unafungua machimbo?"

Nilizilaza ndani ya mafuta ya taa, kwenye pipa lililokatwa ubavu. Skrubu zilizogoma nilizipasha moto kwa makaa, nikazigonga kidogo kidogo, nikazipa mafuta tena, nikazisubiri. Chuma cha zamani hakitaki ubabe. Ukikilazimisha, skrubu inakatika kichwa na hapo umekwisha. Mkono mrefu wa juu niliutoa kwenye mashine moja, gurudumu kwenye nyingine, na ile ndoana ndogo ya chini inayokamata uzi, ambayo bila hiyo mashine ni jiwe tu, niliikuta kwenye ya tatu, imejaa mchanga na nyumba ya nyigu. Mkanda niliukata kwenye ngozi ya ng'ombe. Kazi kubwa ilikuwa kupatanisha sindano na ndoana. Ndoana ikiwahi, inaukosa uzi. Ikichelewa, inavunja sindano. Masika yote niliyamaliza pale sakafuni, nikilegeza na kukaza, mpaka Helena akasema nimeolewa na chuma. Siku sindano ilipotoboa turubai lililokunjwa mara nne na kuacha mshono ulionyooka, nilikaa chini nikalia kwa furaha.

Kazi ikaja yenyewe. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameruhusiwa, malori yao yakawa yanapita kwenye njia yetu mbovu, na kila lori lilitaka kufunikwa. Mitumba ilikuwa imewaua mafundi wa nguo, lakini mtumba wa turubai hakuna aliyeuleta. Nilikuwa na jina mjini.

Sasa Kondo. Huyu alikuwa mtunza stoo wa karakana ile ile, mtu wa kucheka sana, shati limechomekewa hata siku ya Ijumaa. Yeye hakubeba mlango wala bati. Alingoja mnada, akanunua kile walichokiita vyuma chakavu vyote vya karakana, akakaa kimya. Kisha baba yangu akafariki, nikaenda Kikole kumzika. Nikiwa matangani, nimekaa na mama yangu aliyekuwa kwenye eda, ndipo Kondo alipokuja nyumbani kwangu na pikapu na mgambo. Akamwambia Helena kwamba chuma chochote kilichotoka karakana ni chake popote kilipo. Wakaibeba mashine yangu. Hata sindano za akiba na kopo la mafuta walichukua.

Niliporudi nilikuta alama za miguu ya meza sakafuni, na doa la mafuta. Nilikwenda kwenye ofisi ya kata, nikaambiwa amenunua kihalali, sasa ni ruksa, mama, kila mtu na bidii yake. Bidii! Mashine zilipokuwa kutu hakuna aliyezijua. Zilipopata uhai ndipo zikawa na mwenyewe. Na kubwa lililonichoma si kuchukua, ni kungoja mpaka niwe na maiti mbele yangu. Niliapa kwa kaburi la baba kwamba nitaitoa ile mashine nyumbani kwake kwa njia ile ile, na yeye akiwa analia.

Akaiweka barazani kwake, akaajiri mshonaji, akawaambia watu kaileta kutoka Dar. Nikipita ananiita kwa sauti ili wote wasikie.

"Mtani! Bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, nirithi hiyo mashine!"

Watu wakicheka, naye akicheka kuwazidi. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini Kondo alidhani.

Ulipoingia kipupwe, mashine ikakwama. Akatuma mtu aniite. Helena akanikamata mkono.

"Usiende. Iache ife, naye afe nayo."

Nilikwenda. Niliifungua, nikakuta kila kiungo kimeshikwa na ukoko wa manjano. Yule mshonaji alikuwa akiipaka mafuta ya nazi, kama anapaka nywele za mwali, na kwa baridi ile yalikuwa yameganda ndani kama samli. Nilisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka chuma kikang'aa, nikatia mafuta yake yanayostahili, nikapatanisha upya sindano na ndoana. Ikaimba. Kondo akapiga makofi, akasema mtani wangu ana roho ya kipekee. Nikamwambia nitakuwa nakuja kuitazama mara kwa mara, isije ikaharibika tena. Mashine haikunikosea kitu, na kitu unachokusudia kukichukua huwezi kukiacha kioze.

Ndivyo nilivyomzoea mama yake. Bi Mwanaima alikuwa mzee wa magoti mabovu, anayekaa mlangoni kwenye mkeka akichambua mchele. Kila nikienda kuitia mashine mafuta, naanza kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mie na magoti yangu haya siwezi kukuinukia."

"Unaendeleaje leo?"

Ananieleza, na mimi nasikiliza. Namna anavyovuta neno "mwanangu" mpaka linakatikia puani. Namna anavyoshika kiuno kabla ya kuinuka, na kufyonza kabla ya kumsema mtu. Alikuwa akinipakulia chakula kabla ya wajukuu wake. Siku moja nikiwa nimeinamia gurudumu nilimsikia akimwambia Kondo, "Binti ana adabu yule. Kila akija hunijulia hali." Sikumwombea afe. Lakini sikumwombea uzima pia, na niseme nini zaidi.

Alifariki mwaka uliofuata, asubuhi, akiwa usingizini. Nilipopata habari nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa kuwa alikuwa mwema kwangu. Kisha nikanawa uso nikawaita watani wenzangu wa ukoo, tukaenda.

Tulikuta shughuli, na wenzangu wakaanza zao. Mmoja akalala kizingitini akisema bila kahawa haondoki. Mwingine akakamata birika. Wafiwa wakawa wanacheka huku wanafuta machozi, ndiyo kazi ya utani. Kaburi lilikuwa bado linachimbwa. Mimi niliingia kwa wanawake, nikawaomba kanga ya marehemu na fimbo yake. Nilipewa, mtani hanyimwi. Nikajifunika, nikainama, nikashika kiuno, nikatoka.

Uani walicheka. Dada mmoja aliniona akapiga ukunga, akakimbilia ndani, maana ilikuwa ni yeye kabisa. Nikazunguka nyumba polepole mpaka barazani kwa wanaume, nikakaa kwenye kiti cha mashine, nikaweka kiganja juu ya gurudumu.

"Kondo! Njoo, mwanangu. Mie na magoti yangu haya siwezi kukufuata."

Kondo akaja anatabasamu, kama inavyompasa.

"Naam, mama."

"Wanichimbia kaburi?"

"Tunachimba, mama."

"Pana?"

"Pana, mama, utajinyoosha."

Watu wakacheka. Nikafyonza, vilevile kama alivyokuwa akifyonza.

"Basi nambie. Hii mashine umeitoa wapi?"

"Dar, mama."

"Dar gani? Ile iliyoko nyumbani kwa Mwanaheri?"

Baraza zima likalipuka. Kondo akacheka pia, lakini shingo ilikuwa imeanza kumtoka jasho. Akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Mtani, basi. Nakupa jogoo, nakupa na birika. Inuka."

"Mtani yupi? Mimi ni mama yako. Mama yako amekufa, jogoo wa nini?" Nikapaza sauti. "Mwenzio alikuwa matangani, anamlilia baba yake. Wewe ukaingia nyumbani kwake na mgambo. Leo uko matangani wewe. Nambie, mwanangu, uliitoa wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Ustaadhi aliyekuja kumsalia maiti alikohoa, akatazama saa. Kondo alikuwa akiitazama ile kanga, si uso wangu, na midomo ikaanza kumtetemeka kama ya mtoto aliyeitwa kuchapwa. Hapo ningeweza kuinuka. Ningeweza kulia kidogo, nikavua kanga, tukakumbatiana kama watani, watu wakasema mchezo umekwisha. Sikuinuka. Niliivuta ile "mwanangu" mpaka ikakatikia puani.

"Uliitoa wapi, mwanangu?"

"Kwa Mwanaheri, mama," akasema. Na hakusema kiutani. Alimwambia mama yake.

"Basi irudi kabla sijatoka. Sitaki kwenda kuulizwa maswali yako huko niendako."

Mjomba wake akainuka, akajikung'uta kanzu. "Mpe, Kondo. Jua linapanda, na maiti anasubiri."

Vijana wakaibeba mashine mpaka kwenye mkokoteni. Ndipo jeneza nalo likatoka. Wanaume wakashika njia ya makaburini, mimi nikashika njia ya kwangu nyuma ya mkokoteni, kanga ya Bi Mwanaima bado begani. Nilisahau kuivua. Helena aliponiona hakucheka, alisogeza tu kuku wake nikapita.

Nilifurahi. Sitasema uongo kwa sababu ya haya. Niliirudisha mashine kwenye alama zake zile zile sakafuni, nikaitia mafuta, nikashona mpaka jioni, na kila mshono ulikuwa mtamu. Malori yakarudi kwangu. Kondo akafunga baraza, akaanza kuuza sabuni na betri. Kushitaki hakuweza. Alikwishakiri mbele ya watu, na alimkiria mama yake.

Mwaka huu nimemleta mama yangu kutoka Kikole, kwa kuwa macho yamekwisha na hawezi tena kukaa peke yake. Anakaa barazani karibu na mashine, anapenda mlio wake. Ana msemo wake wa kufungia kila jambo, liwe la mvua au la mgonjwa: "Mungu si Athumani, mwanangu." Na kabla ya kuusema hutangulia kikohozi chake kifupi.

Kondo sasa hupita kila asubuhi. Mwanzoni nilidhani anakuja kuitazama mashine. Haitazami kabisa. Anavua viatu, anapiga goti chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendeleaje leo?"

Humletea dafu, amelitoboa tayari. Anakaa, anamuuliza habari za zamani, za njaa, za Kikole, na mama anamsimulia, anakohoa, anacheka, anamwambia Mungu si Athumani. Kondo anasikiliza akiwa amefumba macho. Mimi nakanyaga mashine kwa nguvu ili sauti zisisikike, na mama ananikemea kwamba nina kelele.

"Kijana ana adabu yule," aliniambia jana. "Kila siku hunijulia hali. Na wewe humwambii hata karibu."

"Mama, yule ni mtani."

"Basi si ndiyo vizuri? Siku yangu ikifika hatakosa."

Leo asubuhi nilimwambia aingie ndani kabla Kondo hajafika. Amekataa. Amenyoosha kanga yake, amekaa vizuri, akamngoja. Kondo alikuja na dafu lake, akakaa, akaondoka, nami nikamfuata kwa macho mpaka kwenye kona ya nyumba. Alikuwa ameinama kidogo, mkono ukipapasa mbele kama wa asiyeona. Nikamsikia akikohoa kikohozi kifupi, kisha akijaribu peke yake, kwa sauti ya chini, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri kabisa:

"Mungu si Athumani, mwanangu."

Sindano ilikatika, na sikuwa nimegusa kitu.