Madirisha ya Upande Wetu

Mume wa dada yangu mtaani walimwita Ghorofa, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Ukimuuliza hali, atakujibu amefika ghorofa ya pili. Ukimpa habari ya msiba, atauliza marehemu ameacha kiwanja gani. Sitanii. Baba yangu alipokuwa amelala kitandani hajiwezi, huyo bwana alikuja kumjulia hali na futi ya kupimia ikiwa mfukoni.

Nyumba yetu ni ya zamani, iko katikati ya mji, pale pale ambapo siku hizi kila mwenye kiwanja anataka kupanda juu. Ina baraza inayotazama barabara kuu, vyumba viwili mbele, viwili nyuma, na nyuma kabisa kulikuwa na ua mpana. Nasema kulikuwa. Mama ni fundi cherehani, na kwa miaka zaidi ya thelathini alishonea kwenye ua ule, kwa sababu jua lilipiga kuanzia asubuhi mpaka alasiri na macho yake hayakupata tabu. Nguo zetu zote za shule zilitoka pale.

Ua huo Baba alimuuzia Ghorofa akidhani anasaini fomu ya hospitali. Mkono wake wakati ule haukuweza kushika hata kijiko. Aliyemshikisha kalamu na kuusukuma mkono juu ya karatasi ni dada yangu, mtoto wa kwanza, tumbo moja na mimi. Niliingia chumbani akiwa bado anaifunika ile kalamu. Akaniambia, "Fomu ya dawa tu, mdogo wangu." Baada ya wiki tatu Baba akafariki, na baada ya arobaini greda likaingia uani. Hapo ndipo nilipoelewa ni dawa gani ile.

Watu husema hasira hasara. Wenye kusema hivyo hawajanyang'anywa ua. Mimi sikupiga kelele, sikumtukana mtu, wala dada sikumuuliza neno. Nilinyamaza kabisa, nikawa naenda kazini na kurudi, na moyoni naapa kwamba hawa wawili watanilipa.

Sasa kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Mwenye ofisi ni msanifu, yeye ndiye anayeongea na wateja wenye suti; mimi ndiye ninayekaa mezani na kuweka kila mlango mahali pake. Na Ghorofa, kwa kiburi chake, jengo la kwenye ua wetu alilileta kuchorwa ofisini kwetu. Alikuja mwenyewe mpaka mezani kwangu.

"Shemeji, kwa nini nikampe ulaji mtu baki wakati nina ndugu?" akasema. "Ghorofa nne. Na madirisha yote nayataka yatazame huku, barabarani. Sebule, vyumba, vyote. Huko nyuma weka ngazi na vyoo."

"Huku ni upande wetu," nikamwambia. "Ukuta wako utakuwa mpakani kabisa, na mbele yake kuna nyumba ya Mama."

Akacheka, akanipigapiga begani. "Mama atauza tu. Pale ndipo patakuwa maegesho na bustani ya mbele. Wewe chora, shemeji. Mambo ya viwanja tuachie sisi."

Haya. Mtu yeyote wa kazi yetu anajua kwamba dirisha halitobolewi mpakani. Unaacha hatua tatu au nne, kwa sababu mwanga unaopita juu ya kiwanja cha mwenzio si wako. Leo upo, kesho mwenzio anajenga. Ningekuwa namtakia mema ningemkalisha chini nimweleze. Sikumtakia. Nikamchorea madirisha makubwa, mazuri, ya vioo toka kiunoni mpaka darini, mpaka msanifu akanisifia.

Kisha nikafanya linalotakiwa na kazi. Kila karatasi ya ramani ina kisanduku cha maelezo pembeni, herufi ndogo ndogo ambazo mteja hasomi kamwe. Nikaandika: "Madirisha ya upande huu yanategemea kiwanja cha jirani kununuliwa na kuunganishwa. Kisiponunuliwa, jirani ana haki ya kujenga hadi mpakani, na mwenye jengo hatadai mwanga wala hewa." Karatasi kumi na moja, maelezo hayo hayo kwenye kila moja. Msanifu aliyasoma, akaguna, akaweka muhuri, maana yalikuwa sahihi. Manispaa wakayasoma, wakapitisha kwa sharti hilo. Ghorofa akasaini zote kumi na moja huku anaongea na simu. Nilimshikia karatasi zisipeperuke. Roho yangu ilitulia siku ile kuliko siku yoyote tangu tumzike Baba.

Jengo likasimama. Lilikuwa refu kuliko yote mtaani wakati ule, limejaa vioo, limevaa miwani ya jua mbele ya kijumba chetu cha bati. Watu walilisifu. Wengi wakaanza kulipia nyumba za humo ndani kabla hata rangi haijakauka, na ghorofa ya nne, ya juu kabisa, Ghorofa akahamia yeye na dada yangu. Kule chini vyumba vyetu vya nyuma vikawa giza saa sita mchana. Mama akahamishia cherehani barazani, kwenye vumbi na moshi wa magari, akawa anafua nguo za wateja kabla ya kuwakabidhi. Macho yakaanza kumtoka machozi. Na mkwewe kila Jumapili anashuka na soda mkononi: "Mama, nyumba hii haina mwanga, haikufai. Niuzie, nikutafutie pazuri nje ya mji." Mwanga ameuziba yeye, halafu anamwonea huruma! Hata shetani ana haya, jamani.

"Mimi hapa nitatoka nimebebwa," Mama akawa anamjibu, na anaendelea kukanyaga cherehani.

Nilingoja mpaka nyumba zote za jengo lile zinazotazama upande wetu zipate wenyewe. Ndipo nikaomba kibali changu cha kujenga. Mwenye duka la dawa wa jirani alikuwa anatafuta nafasi barabarani. Tukaandikishana kwamba chini patakuwa duka lake, yeye anatoa mtaji, juu ni petu. Ghorofa nne, jengo jembamba, mgongo ukigusa mpaka. Madirisha yote mbele. Mama nikamwambia tutabomoa vyumba viwili vya nyuma, yeye akae mbele kwa sasa, na juu kabisa nitamjengea chumba cha kushonea chenye jua asubuhi mpaka jioni.

Alikubali, akanibusu mikono. Nami sikumwambia mgongo wa nyumba ile utaegemea wapi.

Fundi wangu mwashi alikuwa mtu wa maneno machache. Alipoona mahali pa msingi akatazama madirisha, akanitazama mimi. "Hapa tunajenga au tunagombana?" akauliza. Nikamwambia yote mawili. Akacheka, akateremsha timazi.

Ghorofa ya kwanza ilizibwa kwa siku tisa. Watu wa ndani walichungulia, wakagonga vioo, wakauliza mpaka lini, na fundi akawajibu mpaka paa. Walipanda kwa Ghorofa na ghadhabu zao. Naye akashuka anakimbia, shati nje.

"Shemeji, umechanganyikiwa? Unaniziba!"

"Najenga kwetu."

"Nitakushtaki!"

"Nenda. Chukua na ramani zako."

Alikwenda manispaa kweli. Ofisa akamfungulia jalada, akamwekea kidole kwenye kisanduku cha maelezo, na kwenye saini yake chini. Kumi na moja. Nilisimuliwa kwamba alisoma huku midomo inatembea, kama mtoto wa darasa la kwanza. Baba yangu hakupata hata nafasi ya kusoma. Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikakaa chini, na sitaki mtu anihubirie.

Tulipoanza kuziba ghorofa ya pili, akarudi kwa upole. Alileta wazee, akaleta matunda, akaniita dada badala ya shemeji. Nikamwambia sina kaka. Waliolipia nyumba walikuwa wanamsaka mji mzima, na asubuhi moja, tukiwa tumefika ya tatu, gari lake halikuwepo. Ametoroka. Hakumchukua mkewe wala hakumwachia neno. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alitoka na kamba yake, akamwacha mwenzake humo shimoni.

Kwa hiyo ghorofa ya nne akabaki dada yangu peke yake. Hapo ndipo Mama aliponiita barazani.

"Basi sasa," akasema. "Aliyekukosea amekimbia. Simama hapo. Mwachie mwenzio dirisha moja."

"Aliyenikosea hajakimbia, Mama. Yuko juu pale anatuchungulia."

"Ni dada yako."

"Ndiye aliyemshikisha Baba kalamu. Wewe hujui, mimi nilimkuta."

Mama akaacha kushona. Alinitazama, na macho yake mabovu yale yakanitia hofu. "Nani kakwambia sijui?" akasema. "Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kabla wewe hujafika. Niliona mkono wa baba yako ukisukumwa, na nikanyamaza. Nilijua ile siyo fomu ya dawa. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana ndoa ya kuilinda, ua utapatikana mwingine. Haya. Na mimi utaniziba?"

 Kisha, Mungu anisamehe, hasira ikanirudia mara mbili, maana sasa walikuwa watatu. Nikamwambia, "Mama, wewe nakujengea. Chumba chako kina jua. Lakini yule dirisha hapati, ng'o!"

"Unanijengea mimi?"

"Nani mwingine? Haya yote ni kwa ajili yako."

 Mama akafunika cherehani kwa kitambaa, akamwita mchukuzi wa mkokoteni aliyekuwa anapita barabarani. Nilidhani ni nguo za mteja. Nikamwona anazunguka nyuma ya mtaa, mkokoteni umebeba vitu vyake mbele, yeye nyuma na kanga mbili begani, mpaka kwenye mlango wa lile jengo. Ngazi nne zile alipanda akipumzika kila kituo. Nilimkimbilia mpaka ghorofa ya pili nikimshika mkono, na kila nikimshika anautoa taratibu.

"Rudi nyumbani, Mama. Huko giza."

"Mtoto wangu mmoja akikaa gizani, nami nina deni lile lile, nakaa naye," akasema. "Wewe kajenge."

Nilikaa siku mbili bila kumruhusu fundi aweke hata tofali. Nilituma majirani. Nilimtuma mwenye duka la dawa. Walirudi wote na jibu moja: Mama hajambo, anasalimia. Siku ya tatu nikasema mwenyewe, hawa wananitisha. Wanajua moyo wangu kwa Mama ni maji, wamepanga, dada kabaki na dirisha lake na mimi nimebaki mjinga. Nikapanda jukwaani na fundi.

Dirisha la mwisho lilikuwa la sebule. Walikuwa wamelifungua. Dada yangu alikaa sakafuni, amekonda, kichwa kakiinamisha. Hakuniangalia wala hakuomba. Mama alikuwa kwenye kiti karibu kabisa na dirisha, anachomeka uzi kwenye tundu la sindano, na mwanga uliobaki ulimpiga usoni. Baina yetu palikuwa na urefu wa mkono.

"Mama, njoo huku," nikasema. "Chumba chako kiko hapa nyuma yangu. Kimebaki ukuta huu na plasta tu."

"Nakiona. Kizuri."

"Basi njoo."

"Na huyu?"

Nilimtazama dada. Niliuona mkono wake wa kulia umelala mapajani, mkono ule ule. Hata hapo angeinua uso aseme neno moja, sijui ningefanya nini. Hakuinua.

"Huyu hapana," nikasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei akaikubali. "Weka basi, mwanangu. Ulisema ni kwa ajili yangu. Niwekee."

Fundi akashusha ndoo. "Mimi hapa siweki," akasema. "Mzee wa watu anakaa humo. Nikate mshahara ukitaka." Akashuka, na nikasikia mbao za jukwaa zikilia mpaka chini.

Saruji ilikuwa inaanza kukauka kwenye ndoo. Nilichukua mwiko. Tofali la kwanza nililiweka, la pili, la tatu, na Mama hakusogeza kiti. Alifuata mwanga tu kwa kuinua sindano juu, safu kwa safu, mpaka mkono ukawa juu ya kichwa. Nililia, ndiyo. Lakini niliweka yote.