Kijiti Kilichoshika Kiuno

Sikieni, nyie mnaoficha simu kifuani, yasije yakawakuta ya mama huyu.

Binti yake alikuwa kwenye majaribio ya kazi katika duka kubwa la vyombo na sabuni, na siku hiyo bosi angeamua abaki au aende zake. Mama ana wasiwasi wa kuku mwenye vifaranga. Nyumbani hakukalika. Akaenda dukani kujifanya mteja.

Kumbe kamera za siku hizi zina mashine iliyofundishwa kusoma viungo: huyu kasimama, huyu kainama, huyu kaanguka. Mashine haina habari na sura ya mtu. Mkono ukitoka kwenye rafu ukazama nguoni, kwake huo ni wizi.

Mama akashika sabuni, akairudisha. Akachomoa simu kifuani aone kama binti kaandika neno. Kimya. Akaitia tena kifuani, na kengele ikalia, watu wote shingo upande.

"Mama, twende pembeni kidogo," mlinzi akasema.

"Kwani nimeiba nini, mwanangu?" Mama akashika kiuno, akitikisa kichwa. " Mche mzima wa sabuni ungekaa wapi hapa?"

Akapelekwa chumba cha kamera. Mlangoni akachungulia. Aliyekaa mbele ya skrini ni binti yake, anabishana na bosi. Kwenye skrini hamna watu, ni vijiti tu vinatembea, kila mtu mashine imemchora kijiti.

"Huyu si mwizi, bosi."

"Umejuaje? Vijiti vyote si sawa?"

"Hiki kimeshika kiuno na kinatikisa kichwa. Bosi, kijiti hiki ndicho kilichonizaa."

Bosi akageuka, akamwona mama mlangoni, mkono kiunoni, kichwa kinatikisika. Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mashine hii tuliifundisha kwa vijana wa kiume tu," akasema. "Wao simu hutia mfukoni, si kifuani. Haya bibie, kazi umepata, kaa uifundishe upya. Na mama atusaidie."

Ila mama, kwa hofu, alikuwa keshachomoka kabla hajasikia hata neno la kazi. Akapita kati ya rafu mikono yote miwili juu, ionekane mitupu. Kengele ikalia kuliko mwanzo, maana mikono juu, kwa mashine, ni uvamizi wa majambazi.

Kipaza sauti kikanguruma duka zima:

"Mama! Shusha mikono, nimepata kazi!"

Mama akashusha. Akaitoa simu kifuani, akaishika mkononi, akapiga vigelegele papo hapo penye sabuni.