Kinyumenyume Hadi Kongo

Usiku wa kuamkia leo niliota tela la semi limeegeshwa jikoni kwetu, kati ya jiko la mkaa na ndoo za maji. Jiko letu ni la watu wawili wakibanana. Tela lilikuwa limeenea, na pembeni palibaki nafasi ya kupitisha sufuria.

Sikushangaa. Niliwaza tu kwamba limewahi. Mzee Shekalaghe, mwenye yadi, alikuwa ameniambia nifike asubuhi nijaribiwe kwa mara ya mwisho: nirudishe tela nyuma, liingie langoni bila kugusa nguzo. Nikiweza, naachana na kenta, lori dogo la kusambaza saruji hapa Morogoro mjini, napewa semi ya kwenda Kongo. Nikishindwa, anapewa mwingine, nami nabaki kupelekea saruji maduka ya Kihonda mpaka nizeeke. Nilikuwa nimeshashindwa mara mbili. Kenta ukilirudisha nyuma na kukata usukani kushoto, mkia unakwenda kushoto. Tela linakwenda kulia, kisha linajikunja, na watu wa yadi wanacheka.

"Shikamoo," nikaliambia tela.

"Marahaba, baba. Geuza uso."

"Kwa nini?"

"Kwani wewe unamkodolea macho mkweo?"

Nikageuka haraka nikatazama sufuria. Tela likanieleza polepole, kama anayemfundisha mgeni, kwamba kile kichwa cha semi kinacholivuta ni binti yake, na dereva anayekiendesha ni mkwe. Nikaelewa. Kwao mke wangu Sechelela, kule Mpwapwa, mambo ni hayohayo: ukikutana na mama mkwe njiani unapisha, na kama hamna budi kuzungumza, unaangalia pembeni. Kwa mama yake Sechelela sijawahi kuteleza. Sikujua tu kwamba tela nalo lina heshima zake.

"Mara mbili umetoa shingo dirishani ukanitolea macho," likasema. "Ungekuwa wewe, ungekwenda unakotakiwa?"

"Nisamehe, mama. Mimi ni mtu wa kenta. Kenta tunaligeukia."

"Kenta ni mtoto, mtoto anatazamwa. Mimi nitazame kwenye kioo, kidogo kidogo. Na usiniamrishe. Ukitaka niende kulia, nishauri kushoto. Nitakataa. Hivyo ndivyo tutakavyoelewana."

Jiko likawa barabara kuu.

Niko kwenye usukani. Mbele yangu naiona Morogoro ikipungua, kwa sababu ninakwenda Kongo kinyumenyume. Tela limetangulia, mimi nafuata. Nashauri kushoto, tela linakwenda kulia. Nashauri kulia, linakwenda kushoto. Hatujagombana bado.

Mizani ya malori inatusimamisha. Inapima ekseli moja moja, kisha inakohoa.

"Mzigo uko sawa," inasema. "Woga umezidi. Ushushe."

Nashusha woga. Uko kwenye mfuko kama wa saruji, mzito kuliko nilivyodhani. Nauweka kando ya barabara, na hapohapo anatokea Mama Kibua wa duka la vifaa vya ujenzi, Kihonda, khanga imefungwa kiunoni.

"Wee Mkude! Unanipita na simenti yangu?"

Mguu wangu unakwenda kwenye breki wenyewe. Umezoea, kila duka ni kusimama. Nauita, unarudi.

"Leo sisimami, Mama Kibua."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

"Haya, dereva wa nje! Ukirudi usije ukatuongelesha Kifaransa!" Anaugusa ule mfuko kwa kidole cha mguu. "Na huu?"

"Woga."

"Niachie. Nitauuza rejareja."

Anajitwisha, anaondoka.

Mlima Kitonga unaniuliza nimekuja na gia gani. Nauambia nina moja tu, ya rivasi. Mlima unafikiri. Haujawahi kupandwa na mtu aliyeupa mgongo, lakini hauoni katazo lolote. "Panda," unasema.

Kwenye kona kali naona kiooni tela likisogelea korongo. Tairi la mwisho linakanyaga hewa. Shingo inataka kugeuka. Nikigeuka nimemvunjia mkwe heshima, na tela likijikunja hapa hakuna yadi ya kulipokea. Nakaza macho kwenye kioo. Nashusha sauti.

"Mama, mimi naona tushuke zetu korongoni."

"Siendi!" tela linasema, na linakumbatia mlima mpaka kileleni.

Hapo ndipo ninapoanza kuimba.

Tunduma, foleni ya malori imelala barabarani kama chatu aliyeshiba. Ofisa wa mpaka anatazama mkia wa tela, kisha anatembea mpaka kwangu.

"Unatoka au unarudi?"

"Natoka, afande. Ila kwa adabu."

Anageuka kutazama njia ya pembeni. "Foleni ya wanaotoka kwa adabu haina mtu. Pita."

Napita. Madereva wamepanda juu ya vichwa vya malori yao, wanapiga makofi. Honi zote zinalia pamoja. Mmoja anapaza sauti: "Jamani, huyu ndiye yule wa kenta?" Mwenzake anamjibu: "Kenta gani! Huyo kazaliwa na tela!"

Zambia inafunguka kama pazia. Na mwisho wa Zambia lipo lango la Kongo, ambalo ni lango la Mzee Shekalaghe, na nguzo zake zilezile mbili. Nashauri kidogo kushoto. Nashauri kidogo kulia. Tela linaingia kama uzi kwenye tundu la sindano, na nguzo hazipati hata upepo.

"Mkwe," tela linasema, "sasa unaweza kunitazama."

"Sithubutu, mama."

"Ndiyo maana nimekupa binti."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Sechelela alikuwa amesimama kando ya kitanda, simu yangu mkononi, sura ya mtu anayengoja maelezo.

"Baba Tito, umelala wapi wewe?"

"Hapa. Si tulikuwa wote?"

"Na hizi je?"

Akanipa simu. Kulikuwa na ujumbe wa mtandao wa simu, umeingia nikiwa usingizini: Karibu Zambia. Chini yake mwingine: Karibu Kongo.

Nikausoma wa kwanza, nikausoma wa pili, nikamrudishia simu na kuomba maji ya kuoga. Mzee Shekalaghe alikuwa ananingoja langoni.