Mbele ya Yesu

Mwalimu Hubert alikuwa na cherehani moja, miwani iliyobaki na mkono mmoja, na jibu la kila jambo lililotokea duniani tangu binadamu aanze kuandika. Kwao, katika mji mdogo nje ya Bukavu, alifundisha historia miaka kumi na tisa. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, alishona sare za shule na kupunguza suruali za mitumba, lakini ualimu haukumtoka. Mtu aliyeleta zipu mbovu aliondoka na zipu nzima na habari za Wafoinike, atake asitake.

Mbele ya cherehani palikuwa na benchi, na kwenye benchi hapakukosekana wabishi. Jumanne ile aliyeanza alikuwa Nyandwi, Mrundi mwenye kabaza, yaani ile baiskeli ya kubeba abiria. Alikuja kushonewa mfuko wa koti.

"Mwalimu, Wamisri wale walikuwa Warundi," alisema. "Si Nili inatoka kwetu Rutovu? Na pale juu ya chemchemi kuna piramidi, nimeiona kwa macho yangu. Watu wetu waliteremka na maji, wakafika kule chini, wakajenga nyingine."

Hubert alijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa analikunja. "Piramidi ya Rutovu haipiti hata paa ya kanisa. Muzungu njo aliijenga, babu yako akiwa tayari anachunga ng'ombe. Zile za Misri balizijenga mbele ya Yesu, miaka elfu mbili na mia tano. Unasikia? Mbele ya Yesu."

Hapo Ndikuriyo akaweka chini kikombe chake cha chai.

Ndikuriyo naye alikuwa Mrundi, lakini alikulia kambini Kasulu, Tanzania, na kutoka huko alikuja na kitu kimoja cha thamani, Kiswahili sanifu. Alikibeba kama mtu aliyebeba mayai. Kwa Kiswahili hicho na Kiingereza chake alipata kazi ya ukalimani katika mahojiano ya wakimbizi, na tangu hapo hakuna sentensi iliyopita karibu yake bila kukaguliwa. Ukimsikia ungedhani Kasulu ni mtaa wa Unguja.

"Mbele ya Yesu?" aliuliza kwa upole mbaya. "Maskini Yesu. Kwa hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti, na wao wanapita mbele yake na mawe vichwani?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nyandwi, ambaye kwa Kirundi chake husema vilevile kama Hubert, alicheka kuliko wote.

"Kwetu tunasemaka mbele," Hubert alijitetea, shingo imemvimba. "Kitu ya kwanza iko mbele, kitu yenye inafuata iko nyuma. Hata mutoto anajua."

"Basi Yesu yuko nyuma ya Farao?"

"Ashindwe!" alipaza sauti Gentille, aliyeuza mandazi upande wa pili wa njia na ambaye hakuwa ameulizwa. "Mwalimu, Yesu nyuma ya Farao? Na wewe uko shemasi!"

"Ni kabla ya, Mwalimu," Ndikuriyo alihitimisha. "Kabla. Mbele ni huku." Akajigusa pua.

Kufikia Jumatano watoto waliotumwa kuchukua sare walikuwa wanamwita Mbele-ya-Yesu. Hubert alijifanya hasikii. Lakini jina lilimuuma, na lilimuuma hasa kwa sababu juma lile hakuwa na nafasi moyoni ya kuumia kwa jambo lingine.

Alhamisi alitakiwa kufika Lilongwe kuhojiwa. Miaka sita alikuwa amengoja kibali cha ukimbizi. Watu waliofika nyuma yake, wengine wakiwa na hadithi zenye mashimo kama wavu, walihojiwa, wakapewa karatasi, wakasahau kwamba waliwahi kungoja. Kila alipouliza aliambiwa kwamba faili lake linahitaji uchunguzi. Uchunguzi wa nini? Wa faili. Mwaka jana binti yake Charlène alipata nafasi ya chuo na ufadhili, lakini wafadhili walitaka kibali cha baba, na kibali hakikuwepo, nafasi ikapewa mwingine. Mwaka huu msichana ameipata tena, na mwisho wa kupeleka karatasi ulikuwa mwisho wa mwezi. Mara ya tatu haikuwepo, aliambiwa wazi.

"Kesho usibafundishe," mkewe Antoinette alimwambia huku akimpigia pasi shati. "Papa Charlène, nakuomba. Bakikuuliza jina, sema jina. Usianzie kwa Waroma."

Alhamisi asubuhi alikuta Ndikuriyo ameshakaa kwenye kiti cha mbele cha minibasi ileile. Hubert akaenda nyuma kabisa. Walipita Lumbadzi, wakapita maghala ya Kanengo, wakashuka Capital Hill penye ofisi za serikali, na katika safari yote hiyo wasomi hao wawili hawakusalimiana. Ni kwenye mlango wa ofisi tu Hubert alipoelewa kwamba mkalimani wake wa siku hiyo ni yeye huyohuyo.

Kifaransa anacho, lakini Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Angemkataa mkalimani, wangempangia tarehe nyingine, na tarehe nyingine maana yake ni mwezi mwingine. Alikaa.

Afisa alikuwa mama wa makamo, Mmalawi, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusikia kila kitu. Alisema zikomo, yaani asante, kwa kuja, akafungua faili, akasoma kimya, akauliza swali moja refu. Ndikuriyo akalileta kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

"Afisa anasema, katika mahojiano yako ya kwanza, miaka sita iliyopita, ulieleza kwamba uliondoka mjini ukiwa mbele ya waasi. Anauliza uliwaongoza waasi wangapi, na cheo chako kilikuwa kipi."

Hubert alimtazama afisa, akamtazama Ndikuriyo, akaitazama mikono yake mwenyewe yenye alama za sindano. Cheo! Mtu ambaye kuku akichinjwa hugeuka ukutani! Aliyekimbia usiku na mke, mtoto na begi la vitabu, kisha akakitupa kitabu kimoja kimoja njiani, ameandikwa kamanda. Miaka sita ofisi hii ilikuwa inamchunguza kwa uvumilivu, ikingoja jeshi lake lijitokeze.

"Mi sikutembea mbele ya bo," alisema. "Mi nilitoka mbele ya bo! Siku tatu mbele bafike!"

Akasikia alichokisema. Ndikuriyo naye akasikia.

Mkalimani hakutafsiri. Alikuwa ameinama kidogo juu ya meza, macho kwenye ukurasa wa mwisho wa yale mahojiano ya zamani, pale chini panapowekwa saini. Hubert hakuhitaji miwani kuiona. Ilikuwa saini kubwa, yenye mkia, ya kijana aliyekuwa ameanza kazi majuzi na kuipenda, ambaye Hubert, akiwa mgeni kambini siku ile, hakumshika sura. Ndikuriyo.

Hasira ilimpanda Hubert hadi masikioni. Alitaka kupiga meza. Lakini angesema nini, na angesemea wapi? Kila neno la kujitetea lilikuwa lazima lipite kwenye mdomo wa mtu yuleyule, na mtu huyo akilifikisha salama atajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Angeweza kutafsiri "hapana, sikuwaongoza" na kunyamaza. Nani angejua? Afisa angeandika kwamba mwombaji amekana, kama wanavyokana makamanda wote, na faili lingerudi kwenye uchunguzi wake.

"Ndikuriyo," alisema polepole, kama anavyomwita mwanafunzi ubaoni. "Mwelezee mama ile ya Yesu."

Kalamu ya afisa ilikuwa juu ya karatasi, inangoja. Ndikuriyo akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu, Kiingereza chake kikiwa hakina madaha ya kila siku. Hubert alishika maneno machache tu. Misri. Farao. Yesu. Jina lake mwenyewe, Hubert. Halafu jina lingine, na kidole cha mkalimani kikagusa ile saini.

Afisa akavua miwani. Akauliza swali, na Ndikuriyo, kwa kuwa kazi ni kazi, akamgeukia Hubert na kumtafsiria.

"Anauliza, mkalimani alipomcheka Mwalimu juzi, si ni kwa sababu alielewa Mwalimu alikuwa na maana gani? Nimejibu ndiyo, nilielewa."

Afisa akauliza tena.

"Anauliza kwa nini miaka sita iliyopita sikuelewa." Ndikuriyo alitazama sakafu. "Nimejibu kwamba aliyekuwa anazungumza alikuwa mwalimu. Sikudhani mwalimu anaweza kukosea Kiswahili."

"Sikukosea," alisema Hubert.

"Hakukosea," Ndikuriyo alimwambia afisa, kwa Kiingereza, na hilo Hubert alilielewa lote.

Serikali haiwezi kufuta jeshi kwa sababu ya utani wa benchi, afisa alieleza kwa upole. Alihitaji maandishi ya mashahidi waliomsikia mwombaji akilitumia neno hilo kwa maana hiyo, katika mazungumzo ya kawaida, bila kujua kwamba lingemfaa. Wangeweza kupatikana?

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Hubert alitamani kucheka. Mashahidi! Kambi nzima ilikuwa na mashahidi, hadi watoto wa darasa la pili.

Ijumaa barua iliandikwa juu ya cherehani, kwenye karatasi ya daftari. Ndikuriyo aliandika kwa lugha mbili. *Sisi tuliosaini hapa chini tunathibitisha kwamba siku ya Jumanne Bwana Hubert alisema piramidi za Misri zilijengwa mbele ya Yesu, akimaanisha kabla ya Yesu, nasi tulimwelewa vizuri, na tukamcheka.*

Nyandwi alikataa kusaini mpaka iongezwe kwamba Rutovu nako kuna piramidi. Ikaongezwa. Gentille alisema imani yake haimruhusu kuweka jina chini ya karatasi inayomtaja Yesu pamoja na Farao. Antoinette alimfuata kwenye karai la mandazi, wakazungumza kwa sauti ya chini, na Gentille akarudi akasaini mara mbili. Hata watoto walitaka kusaini. Hubert aliyatazama yale majina yakijipanga, ya watu waliomfanya kichekesho siku tatu, na hakujua awabariki au awafukuze.

Kibali kilikuja tarehe ishirini na tisa. Charlène alikipeleka mjini siku ileile akiwa amekibana kifuani, hakukubali kukitia kwenye begi. Antoinette aliimba. Hubert aliingia ndani, akakaa kwenye godoro na kulia, na hayakuwa machozi ya furaha. Alililia ile miaka sita, nafasi ya mwaka jana, asubuhi zote alizokwenda kuuliza akirudi na neno uchunguzi. Wasumeri walibuni maandishi ili watu wasisahau maneno, aliwafundisha hivyo wanafunzi wake. Hakuwaambia kwamba neno likiandikwa vibaya linaweza kumla mtu miaka sita na lisishibe.

Ndikuriyo hakuitwa tena kwenye ukalimani. Alizunguka majuma mawili akisema anapumzika, kisha asubuhi moja akakaa kwenye benchi, hana chai. Hubert hakumsamehe upesi, na hata sasa ukimuuliza hutapata jibu la moja kwa moja. Alimtupia sare kumi na moja na kopo la vifungo, akamwonyesha sindano. Adhabu yake, alisema, ni kusikiliza.

Na Nyandwi hakukosa. Siku hizi hamwiti tena Mwalimu jina la Yesu. Anamwita Kamanda, na anampigia saluti kutoka kwenye baiskeli.

"Kamanda," aliuliza siku moja, "na Roma? Roma na Burundi, nani mkubwa?"

Hubert alisimamisha pedali. Alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama kwa pembe ya jicho yule aliyeinamia vifungo. Tangu Capital Hill alikuwa amejifunza kupima kila neno kabla ya kulitoa.

"Roma," alisema kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "ilijengwa miaka mia saba na hamsini na tatu... kabla ya Yesu."

Ndikuriyo hakuinua kichwa. Alikata uzi kwa meno.

"Mbele ya Yesu, Mwalimu," alisema. "Sema mbele. Nitaelewa."