Chaki kwenye Mlango wa Mama Mkwe

Kazi ya kupuliza dawa ya mbu niliipata uzeeni, baada ya kuzunguka kwingi. Bomba mgongoni, barakoa usoni, chaki mfukoni. Ukimaliza nyumba unaandika mlangoni: juu, vyumba ulivyopuliza, chini, vyumba vilivyopo.

Kwa mama mkwe palikuwa na vyumba vinne. Vitatu nilivipuliza. Cha nne kilikuwa chake, na ili kukipuliza lazima kila kitu kitoke nje. Mama alisimama mlangoni akasema, bila ukali, kwamba hajafikia pa kuanikiwa nguo zake za ndani uani na mkwe, tena mkwe mwenyewe Miguu ya Upepo, kama alivyozoea kuniita, hajulikani kesho ataamkia wapi. Niliona haya. Kwenye kikosi chetu tulikuwa na mwenzetu mwanamke, ningeweza kumwita avitoe yeye. Sikumwita; jua lilikuwa kali na nilitaka kumaliza. Niliandika nne juu ya nne, tukacheka, nikaenda zangu.

Wiki ya tano homa ikamshika mama. Tulipomfikisha hospitali malaria ilishampanda kichwani. Tulimzika Jumanne.

Alhamisi akaja mtaalamu wa wadudu, kijana tuliyemwita Bwana Mbu, na tochi na vichupa vyake. Alisoma chaki, akatupa pole, akaomba kuingia. Mke wangu akamfungulia chumba cha mama yake. Ukutani walikuwa wametua mbu kumi na mmoja, wazima kabisa.

Bwana Mbu aliandika kwa muda. Kisha akatueleza kwa upole kwamba inaelekea mbu wa hapa wameizoea dawa. Atashauri kazi isimame hadi dawa ipimwe upya. Vipimo vingechukua miezi, mvua ilikuwa karibu, na nusu ya mtaa tulikuwa hatujaigusa.

Nikasema, "Dawa haina kosa. Chumba hiki sikukipuliza."

"Mbona umeandika vyote vinne?"

"Niliandika tu."

Bwana Mbu akafunga daftari. Mke wangu hakunitazama. Alikuwa akikitazama kitanda.

"Mama alikuwa akikusifu," akasema. "Eti una adabu."

Akainama, akakishika kitanda upande wa kichwani.

"Shika huko miguuni."

Tukakitoa uani, majirani wakitazama. Kisha godoro, kisha nguo, moja moja. Za mwisho, zile za ndani, akabaki amezikumbatia. Nikajitwika bomba, nikavaa barakoa, nikaingia.