Dakika ya Arobaini

Bango la filamu mpya ya marubani wa vita lilibandikwa Jumatatu asubuhi, na kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imezunguka jengo la sinema mpaka kwenye duka la rangi. Mashabiki walikuwa wameisubiri miaka miwili. Mwalimu wa jiografia alisema ndege zote ni za kweli, hakuna hata moja iliyochorwa kwa kompyuta. Muuguzi aliyetoka zamu alijali mlio tu.

"Wakikosea mlio, mimi narudi zangu nyumbani."

"Tulia, dada," dereva wa lori akamjibu. "Huo mlio utakutoa masikio."

Nyuma yao alisimama fundi saa, mtu wa miaka hamsini na kitu. Filamu ilihusu kikosi kile kile kilichoupiga mji wao alipokuwa na miaka minne, na yeye alitarajia jambo moja: kamera iiname vya kutosha aone paa la nyumba yao.

"Ukishaliona?" aliuliza dada yake, ambaye ndiye mkaguzi wa tiketi wa sinema hiyo.

"Nitakuwa nimeliona, Dada. Wewe unakumbuka. Mimi sina kitu."

Dada yake akaichana tiketi, akampisha.

Saa nane mchana taa zikazimwa. Ndege sita zikapaa, na ukumbi mzima ukasahau kupumua. Zilikuwa nzuri kweli. Ziligeuka pamoja juani kama kundi la samaki, na mlio wake ulipita chini ya viti, ukapanda uti wa mgongo, ukatulia kwenye meno. Muuguzi alilia bila kujificha.

Dakika ya arobaini ndege ya mbele ililala ubavu, na chini ukaonekana mji, mdogo kama makombo mezani. Fundi saa akasimama. Paa lilikuwa la bati, na uani mwanamke mwenye gauni la bluu alikuwa akianika nguo. Rubani akabonyeza kitufe. Moshi ukafunika kila kitu, ndege zikapenya mawingu, na mashabiki wakapiga makofi.

Makofi yalipotulia, watu wakaanza kushuka kutoka ukingo wa chini wa skrini. Walikuwa arobaini na mmoja, wamejaa vumbi, wakishikana mikono kwa sababu jukwaa liliinuka kidogo. Mkaguzi aliwasha tochi, akawaonyesha viti vilivyobaki. Wengine walikaa kwenye ngazi.

"Sogea, mwalimu," dereva alisema, "mzee apate pa kukaa."

Wa mwisho alikuwa mwenye gauni la bluu, na beseni la nguo mbichi kiunoni. Alikuwa na miaka thelathini.

"Tiketi, mama," mkaguzi alisema kwa mazoea. Kisha mwanga wa tochi ukamfikia usoni.

"Sina, mwanangu," alijibu mama yake. "Tazama ulivyozeeka. Umenipita."

Mkaguzi akamkalisha kati yake na fundi saa. Mama alipapasa upara wa mwanawe, akacheka kimyakimya. "Na huyu nilimwacha amelala."

Kwenye skrini ndege zilikuwa zikirudi kambini, mbawa zimegeuka dhahabu. Mama alitazama mdomo wazi.

"Kumbe ni nzuri hivi," alisema. "Siku ile niliona kivuli tu."

Filamu ilipoisha majina yakaanza kupanda: marubani, mafundi wa injini, mpishi wa kambi, mfuaji wa sare. Wale arobaini na mmoja walisoma mpaka herufi ya mwisho.

"Labda ya kwetu wameyaweka mwanzoni," alisema yule mzee.

Mkaguzi alikuwa ameuona mwanzo. Akaizima tochi.

Nje, mwalimu aliipa filamu tisa kwa kumi. Moja aliikata kwa sababu ya mapenzi mengi. Ndani, mama aliinuka na beseni lake.

"Saa kumi na moja wanaonyesha tena. Inabidi niwe uani."

"Usirudi, Mama." Fundi saa alilishika beseni kwa mikono miwili.

Mama alimbandua vidole kimoja kimoja, kama anavyofanyiwa mtoto, akapanda jukwaani na wenzake.

Siku ile ile mkaguzi alimwomba meneja abandike majina yao, hata kwenye karatasi mlangoni.

"Watu wanakuja kuona ndege, dada," meneja alimjibu kwa upole.

Filamu ilionyeshwa wiki tisa, mara mbili kwa siku. Fundi saa alifunga kibanda chake. Kila dakika ya arobaini alisimama, kila mara kitufe kikamtangulia, na kila mara mama alishuka akakaa naye saa nzima. Fundi saa alimsimulia maisha yake yote, kwa kunong'ona ili asisumbue wengine. Tangu apate akili hakuwahi kuwa na mama kwa muda mrefu hivyo.

Wiki ya mwisho zikaja habari kwamba sehemu ya pili inatengenezwa, kubwa zaidi. Mashabiki walishangilia mpaka barabarani. Meneja, uso ukimng'aa, alimwambia mkaguzi kwamba ameagiza viti vipya.

"Safari hii wanapiga miji mingapi?" mkaguzi aliuliza.

"Mitatu."

Mkaguzi aliuangalia ukumbi, ukuta kwa ukuta.

"Basi havitatosha," alisema, akaenda kuwafungulia mlango watu wa saa nane.