Dakika Arobaini za Wifi

Wifi yangu akianza kugomba, hata saa ya ukutani inachoka. Tena ndiye bosi wangu. Kaka kamuoa, maabara kakabidhiwa, na mimi fundi wa miaka sita nikaambiwa nimwite Daktari. Haya, Daktari.

Tunachunguza kimelea cha malaria: kikiwa ndani ya damu ya mgonjwa, jeni zake zipi zinawaka na zipi zimezimwa. Damu ikishatolewa, lazima igandishwe ndani ya dakika tano. Ikichelewa, kimelea kikiwa bado hai kinahisi baridi ya nje ya mwili, kinawasha jeni nyingine za kujihami, na majibu yanakuwa uongo mtupu.

Siku ile alileta mirija ya damu mwenyewe, akanikuta naongea na mama kwenye simu. Akaiweka mezani, akaanza: mama anamsema, kaka hamsikilizi, na mpeleka maneno ni mimi. Kila nikinyoosha mkono niichukue mirija, ananizuia.

"Nikiongea, tulia."

Dakika arobaini. Niliziandika daftarini.

Majibu yakaja na jeni tatu zinazowaka, ambazo hatukuwahi kuziona zikiwaka kwa mgonjwa yeyote. Wifi akatangaza ugunduzi. Nikamwambia ile ni baridi ya mezani tu.

"Wivu huo," akasema. "Mkataba wako unaisha Ijumaa, na fomu ya kuuongeza ninayo mimi. Wageni wakija kukagua ugunduzi wangu, chunga ulimi wako."

Walikuja Alhamisi. Profesa mmoja mzee akauliza damu ilikaa nje muda gani.

"Dakika tano," wifi akajibu, macho makavu.

Mzee akanigeukia mimi. Niliogopa, sifichi. Nina watoto wawili, na anayewalea ni mimi peke yangu. Lakini watu wangepoteza miaka wakitafuta dawa ya kupambana na jeni hizo, huku wagonjwa wanazikwa.

"Arobaini," nikasema. "Alikuwa ananigombeza."

Nikampa daftari. Akasoma, akalifunga, akawaambia wenzake hakuna ugunduzi hapa, wakaondoka wote.

Wifi alisubiri mlango ufungwe. Kisha akaichana fomu yangu vipande vinne, taratibu, akinitazama.

"Kesho usikanyage hapa. Na kaka yako utamwambia mwenyewe."

Nilivua koti la kazi nikalitupa mezani kwake.

"Sawa, wifi. Kesho gombana na vimelea."

Nilijikaza mpaka nje ya geti. Pale nikakaa chini, nikalia.